Kigoda cha Spika

Kila chenye sauti kina haja ya mahali pa kusimama. Muadhini hupanda mnarani, mwalimu husimama mbele ya darasa, na mpiga ngoma huchagua kwanza mahali pa kuisimika ngoma yake kabla ya kuigusa ngozi. Spika, ambayo ni kinywa cha ngoma na magitaa yote yasikikayo chumbani, aghalabu hunyimwa heshima hiyo. Katika nyumba za Temeke na Tandika, na vivyo hivyo za Kinondoni na Mwananyamala, spika huweza kununuliwa kwa akiba ya miezi mingi na kuchaguliwa mahali kwa fikira ya dakika moja. Hutuliwa sakafuni penye pembe ya chumba, au hupandishwa juu ya kabati la vyombo. Isiposema vizuri hulaumiwa yenyewe, na aliyeiuza hulaumiwa pamoja nayo.

Lawama hiyo haina haki. Ndani ya spika mna koni iendayo mbele na kurudi nyuma mara nyingi kwa sekunde. Newton aliandika mwaka 1687 kwamba kila tendo lina jibu lililo sawa nalo na lielekealo upande wa pili. Basi koni inapokwenda mbele, sanduku nalo husukumwa nyuma. Msukumo huo ni mdogo, lakini kabati huupokea na kuutangaza: ubao wake mpana hutetemeka, vikombe hugongana, na sahani huimba wimbo ambao mwanamuziki hakuutunga. Pembe ya chumba nayo ina hila yake. Sakafu ya saruji na kuta mbili zilizo karibu huirudisha sauti nzito na kuiongeza, hata besi huvimba ikamfunika mwimbaji. Sauti nyembamba haina tabia hiyo; hupenda njia iliyonyooka, na spika iliyo sakafuni huwaimbia watu magotini.

Dawa ya kwanza ni kigoda. Masikio ya mtu mzima aliyeketi kitini huwa takriban sentimita 90 hadi 100 kutoka sakafuni, na kinywa cha sauti nyembamba chafaa kuelekea kimo hicho. Kwa hiyo kigoda cha sanduku dogo aghalabu huwa cha sentimita 60 hivi. Maseremala wa Keko, waliojipatia jina kwa vitanda na makochi, hawashindwi kukiunda kwa mninga. Katika hesabu ya miguu yake imo hekima ambayo wapishi waliijua kabla ya wanajiometria. Jifya moja haliinjiki chungu. Matatu hukiinjika hata juu ya ardhi isiyo sawa, kwa kuwa nukta tatu daima hukaa katika bapa moja, na ya nne ndiyo iletayo mzozo. Sakafu iliyosawazishwa kwa mkono haikosi mabonde. Kigoda cha miguu minne hucheza juu yake, cha mitatu hutulia. Walakini cha mitatu huanguka kwa wepesi zaidi kikisukumwa, basi nyumba yenye watoto wakimbiao ni bora ivumilie minne na kabari.

Mafundi wa kuchomelea huunda vigoda vya mabomba ya chuma. Bomba tupu lina kasoro: likigongwa hulia kama kengele. Mchanga uliojazwa ndani hulinyamazisha, maana chembe zake husuguana na kuigeuza mitetemo kuwa joto dogo lisilohisika; tena uzito wake hukizuia kigoda kuyumba. Lakini mchanga wa ufukweni, ambao mkazi wa Dar es Salaam huuona kuwa wa bure, una chumvi. Chumvi huvuta unyevu, na unyevu hula chuma. Wa mto, uliooshwa na kuanikwa mpaka ukakauka, ndio ufaao.

Kati ya kigoda na sanduku hutiwa nyayo za mpira. Hapa wengi hudhani kwamba mpira wowote hukata mtetemo. Sivyo. Mpira uliobebeshwa uzito ni springi, na kila springi ina mtikisiko wake wa asili. Hukata tu mitetemo ambayo kasi yake imezidi ya mtikisiko huo kwa zaidi ya mara 1.4, iliyo karibu nao huikuza. Mpira ukibonyea milimita 1 chini ya uzito wa sanduku, mtikisiko wake wa asili huwa takriban mara 16 kwa sekunde, na huanza kukata penye mara 22 hivi, chini ya sauti nyingi za besi. Mpira wa tairi, ule wa makatambuga, ni mgumu; kipande kipana chini ya sanduku jepesi hakibonyei, na kisichobonyea hakikati kitu. Vipande vinne vidogo vya mpira huohuo hukaribia lengo zaidi, kwa kuwa uzito uleule huvielemea kwa nguvu. Ulio laini mno nao huliyumbisha sanduku. Ama ncha za chuma, kazi yake ni kukishika kigoda pale kilipo, si kukata mtetemo. Juu ya vigae hutakiwa sarafu chini ya kila ncha isije ikachimba.

Mambo haya yangekuwa mchezo wa mtu na chombo chake, lau chumba kingesimama peke yake. Katika nyumba ya kupanga ukuta mmoja ni wa watu wawili, na pengine haufiki paani. Nyuma yake huenda amelala mwuguzi aliyetoka zamu ya usiku, au ameinama mtoto juu ya daftari akijiandaa kwa mtihani wa kidato cha nne. Kijana mmoja alikutana ukumbini na mama wa chumba cha pili.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Redio yako yasema vizuri, ila na vyombo vyangu huiitikia.”

Kijana alitahayari, akatia nyayo za mpira. Vyombo vikanyamaza, mama hakulala. Sauti ina njia mbili, ya vitu vigumu na ya hewa, na mpira hufunga ya kwanza tu. Wimbi la besi lenye mitetemo 50 kwa sekunde lina urefu wa takriban mita 7 hewani, kupita chumba chenyewe. Trei za mayai zilizobandikwa ukutani halizioni. Serikali ilitoa kanuni za kudhibiti kelele na mitetemo mwaka 2015, lakini jirani mwema haendi kwa kanuni. Huvumilia, na uvumilivu wake hudhaniwa kuwa ridhaa.

Faida kubwa ya kigoda basi haimo katika mpira. Watu wengi huongeza sauti si kwa kupenda kelele, bali kwa kutafuta neno lililopotea ndani ya besi iliyovimba. Nyimbo za NUTA Jazz na Morogoro Jazz zilizorekodiwa na Radio Tanzania Dar es Salaam zina magitaa yajibizanayo kwa upole. Spika ikiinuliwa kutoka sakafuni na kuepushwa na pembe, majibizano hayo husikika kwa sauti ya mazungumzo. Asikiaye vizuri hana haja ya kuongeza. Hivyo kigoda humtumikia jirani kwa kumtosheleza mwenyewe kwanza.

Hata hivyo si kila atoshekaye hupunguza. Seremala atauza kigoda, na fundi atauza mpira na mchanga; kitufe cha sauti hakina fundi ila mwenye spika, na saa nne za usiku majirani humjua mtu kwa mkono ulio juu ya kitufe hicho.