Njiani Kutoka Machakos Hadi Wote

Msafiri atokaye Machakos kwenda Wote huondoka penye ubaridi wa vilima, hupita Katumani, kisha huteremka hadi nchi ya joto na miti ya miiba. Kando ya njia yaonekana matuta yazuiayo maji yasichukue udongo. Katumani ndipo watafiti walipotoa, katika miaka ya 1960, mbegu ya mahindi yakomaayo upesi, nayo yaitwa Katumani mpaka leo.

Lakini mbegu njema peke yake haitoshi. Karibu na Wote nilimkuta mzee mmoja katika shamba lake la vipande vitatu. Nikamwuliza, “Mzee, mbona mahindi ni machache, na nyumbani mwala ugali?”

Akajibu, “Mwanangu, zamani nilipanda mahindi kila mvua, pale pale. Mwaka mmoja nilivuna mabua matupu, nikauza ng’ombe wa kulimia ili ninunue unga. Mvua iliporudi sikuwa na wa kuvuta jembe. Nikachelewa kupanda, nikakosa tena.”

Sasa mahindi huyapanda wakati wa vuli, Oktoba hadi Desemba, kwa kuwa huko Ukambani vuli ni ya kutumainiwa kuliko masika. Kati ya mistari hutia mbaazi. Mahindi yakisha kuvunwa, mbaazi hubaki, mizizi yake ikitafuta maji chini sana, na majani yake yakianguka kuirutubisha ardhi. Kipande cha pili ni cha ndengu na kunde, ambazo hukomaa kabla mvua haijasahauliwa. Mizizi yake huipa ardhi nitrojeni itokayo hewani. Kwa hiyo vuli ifuatayo mahindi huhamia hapo.

Kipande cha tatu ni cha mtama, nao hushika zamu vivyo hivyo. Mtama hustahimili ukame kuliko mahindi, ila ndege huupenda mno. Zamani watoto ndio walioamia. Siku hizi wako shuleni, na mzee hakubali kuwatoa. Basi hupanda ule tu awezao kuuamia yeye na mkewe.

Ndugu msomaji mwenye shamba katika nchi kavu, kabla hujapanda, jiulize mambo mawili: mvua hii yaweza kukomaza nini, na kipande hiki kilizaa nini mvua iliyopita? Ni afadhali kupunguza mahindi leo kuliko kumwuza ng’ombe wa kulimia kesho.