Hesabu ya Barabara

Mwenyeji wa Buhongwa hana haja ya kufundishwa maana ya foleni. Barabara kuu itokayo Shinyanga hupita Usagara, huingia Buhongwa, kisha hufuata Mkolani, Nyegezi, Butimba na Mkuyuni hadi katikati ya jiji la Mwanza. Na kila mwenye shughuli mjini ameijua kwa magoti yaliyokufa ganzi ndani ya daladala. Mimi ni mmoja wa watu hao. Kazi yangu ni kufundisha Kiswahili, wala sidai ujuzi wa hesabu upitao ule wa sokoni. Lakini ilitokea siku moja mwanafunzi wa hisabati akanitaka maneno ya kuelezea mwendo wa magari, nami ikanilazimu kuisoma elimu yake kwanza, maana jina litolewalo kabla ya kitu kujulikana ni sauti tupu.

Elimu hiyo husimama juu ya mambo matatu. La kwanza ni kasi. La pili ni msongamano, yaani idadi ya magari yaliyomo katika kilometa moja ya barabara. La tatu ni mtiririko, yaani idadi ya magari yapitayo mahali pamoja kwa muda wa saa moja. Ukizidisha msongamano kwa kasi, wapata mtiririko. Katika mazungumzo ya kila siku msongamano ni adha. Kwa mwanahisabati ni kipimo tu, hata kama magari ni mawili njia nzima. Basi tuliafikiana kuliachia neno hilo kazi ya kipimo, na adha yenyewe kuiita foleni kama waiitavyo watu wote. Nalo neno foleni lina kisa chake, kwa kuwa lilitokana na amri ya kijeshi ya Kiingereza ya kuwataka askari wajipange. Neno la nidhamu limekuwa jina la fujo iliyojipanga.

Katika miaka ya 1930 mhandisi wa Marekani, Bruce Greenshields, alipiga picha za magari barabarani katika jimbo la Ohio, akaona kwamba kadiri magari yanavyokaribiana ndivyo kasi ipunguavyo. Uhusiano huo aliuchora kwa mstari ulionyooka. Natutunge mfano wa njia moja ya magari kwa kanuni yake. Njia ikiwa tupu, gari laenda kilometa 60 kwa saa. Magari yakifika 120 katika kilometa moja, yote yasimama. Yakiwa 20, kasi ni kilometa 50, na mtiririko ni magari 1,000 kwa saa. Yakiwa 60, kasi ni 30, na mtiririko ni 1,800, ambao ndio upeo. Yakiwa 100, kasi ni 10, na mtiririko ni 1,000 tena.

Hapa namwomba msomaji atue kidogo. Mtu aketiye kando ya barabara na daftari lake ataandika 1,000 siku ya kwanza, na 1,000 siku ya pili, naye atakuwa mkweli siku zote mbili. Lakini abiria wa siku ya kwanza atakwenda kilometa 10 kwa dakika 12, na wa siku ya pili kwa saa nzima. Ikiwa abiria huyo ni mgonjwa apelekwaye Bugando, tofauti ya namna hiyo si jambo la kuachwa nje ya daftari. Idadi peke yake haisemi kama barabara inapumua au inakata roho. Ni lazima kuuliza pia magari yamekaribiana kiasi gani.

Mwaka 1955, katika Chuo Kikuu cha Manchester, Lighthill na Whitham walitoa makala mawili yaliyofuatana. La kwanza lilihusu mafuriko katika mito mirefu, na la pili magari katika barabara ndefu. Mwaka uliofuata Richards wa Marekani alifikia jambo lilo hilo kwa njia yake mwenyewe. Walionyesha kwamba habari ya foleni husafiri kama wimbi. Lakini wimbi la mafuriko hufuata mkondo, ilhali la foleni hurudi lilikotoka. Kwa mfano wetu, magari yajayo 20 kwa kilometa yakikuta njia imezibwa Nyegezi, mkia wa foleni hurudi nyuma kwa kasi ya kilometa 10 kwa saa. Kila dakika sita humeza kilometa moja nyingine, kuelekea Mkolani na hatimaye Buhongwa. Hivyo mtu hulipa deni la tendo asiloliona, lililotendwa mbele yake na mtu asiyemjua. Wala si lazima pawe na mkosaji. Mwaka 2008 wataalamu wa Japani walitangaza jaribio la magari 22 katika duara la mita 230. Madereva waliambiwa wafuatane tu kwa mwendo wa sawasawa; hapakuwa na kizuizi chochote, na bado foleni ilizaliwa, ikawa inarudi nyuma.

Hali kadhalika barabara haisimami peke yake. Hadi Juni 19, 2025, magari ya Geita na Sengerema yaliyokuja Mwanza kwa njia ya Kigongo na Busisi yalivushwa kwa kivuko, nayo yalitoka kwa mafungu. Siku hiyo lilifunguliwa daraja la John Pombe Magufuli, lenye urefu wa kilometa 3, na lango lile likaondoka. Ni neema kubwa. Lakini lango moja likiondoka, hesabu hutuuliza penye wembamba panapofuata ni wapi. Naye Mjerumani Dietrich Braess alithibitisha mwaka 1968 kwamba kuongeza njia mpya katika mtandao kwaweza kurefusha safari ya kila mtu, ikiwa kila mmoja hujichagulia njia imfaayo yeye. Sisemi kwamba ndivyo itakavyokuwa kwa barabara ya Buhongwa na Igoma. Nasema kwamba faida ya njia moja haijulikani mpaka mtandao wote upigiwe hesabu.

Limebaki jambo moja, nalo kwangu ndilo kubwa. Katika kanuni hizi gari ni gari. Tuseme katika yale magari 1,000 ziko daladala 200 zenye watu 15 kila moja, na motokaa 800 zenye watu wawili wawili. Daladala zimechukua watu 3,000, na motokaa watu 1,600. Sehemu moja ya tano ya magari imebeba karibu theluthi mbili ya watu, lakini katika safu ya magari wengi hao wamekuwa wachache. Daladala isimamapo kupakia, hesabu ya magari huiona kuwa kizuizi. Hesabu ya watu huona kwamba imefanya kazi iliyowekewa barabara, na kwamba pengine iliyokosekana ni nafasi ya kusimamia kando ya njia. Na aendaye kwa miguu, akingojea pengo ili avuke, hayumo katika safu yoyote.

Hisabati haijakataza watu kuhesabiwa. Yenyewe hujibu lile ililoulizwa, nasi ndio waulizaji. Tukiuliza magari mangapi yapite, tutajengewa barabara ya magari. Tukiuliza watu wangapi wafike, na kwa muda gani, alama zilezile za hesabu zitatupa jibu jingine, na huenda jibu hilo likaanza kwa kituo cha daladala na kivuko cha waendao kwa miguu kabla ya kufikia upana wa lami.