Dada kapewa shule, na Mama je?

Najua nimekuwa kimya tangu Pasaka, mnisamehe, zamu za usiku zimenikaba na nikirudi nalala mpaka jua linazama (siku ambayo jua limetoka, maana hapa Leicester ni bahati nasibu). Leo nimekaa na chai yangu niandike jambo moja tu. Tangu Jumapili nimepigiwa simu tano kutoka Muheza na zote zinasema hivyo hivyo: "Zungumza na dada yako, wewe anakusikiliza."

Haya, nazungumza. Ila si naye, ni na ninyi.

Kwa wasiopata habari: Dada amepewa barua, ameteuliwa kuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi kule juu Amani. Ile barabara mnaijua, mvua ikinyesha hata bodaboda wanakataa kupanda. Hawezi kwenda na kurudi kila siku. Na Mama, tangu apooze upande wa kulia, anakaa kwa Dada. Hapo ndipo simu zenu zinapoanzia.

Naona tumemzoea sana Dada mpaka tumesahau katoka wapi. Alimaliza Chuo cha Ualimu Korogwe akaanza kazi mwaka 2004. MMEM ilikuwa imeanza 2002, ada ya shule ya msingi imefutwa, watoto wakamiminika. Darasa lake la kwanza lilikuwa na watoto 112. Mimi nilikuwa kidato cha pili, likizo nakaa kwake, nilikuwa namwona usiku kakaa mkekani anasahihisha madaftari kwa taa ya chemli, yamepangwa kama matofali. Nikamwambia weka vema tu, nani atajua? Akanitazama. Kesho yake akanipa rundo la madaftari nimsaidie kuhesabu makosa ya kila mtoto, na sikurudia kusema tena.

Nilipochaguliwa Muhimbili kusomea uuguzi, nauli yangu na godoro vilitoka kwenye mkopo wake wa SACCOS ya walimu. Alikatwa mshahara miezi 18. Hilo pia baadhi yenu hamlijui.

Mwaka 2011 akawa mwalimu wa taaluma: ratiba, mitihani, maandalizi ya darasa la saba, kugombana na walimu wasioandaa masomo. Mwaka 2016 akawa msaidizi wa mwalimu mkuu. Ndio mwaka ule elimu bila ada ilipoanza, fedha za ruzuku zikawa zinaingia kwenye akaunti ya shule kwa hesabu ya wanafunzi, na kila shilingi inatakiwa iandikwe. Nani alikuwa anaandika? Mkuu wake alikuwa mtu wa vikao, simsemi vibaya, ndivyo kazi ilivyo. Aliyekuwa anabaki na daftari la fedha, mihtasari ya kamati ya shule na mzazi aliyekuja na panga kwa sababu mwanawe kachapwa, ni Dada. Mwaka huo huo serikali ilianza kulipa posho ya madaraka, mwalimu mkuu shilingi 200,000 kwa mwezi. Msaidizi hakuwamo.

Wanaume wawili aliowaelekeza kazi walipewa shule kabla yake. Mwanamume akiteuliwa anafunga begi anaondoka. Dada kuna mkubwa mmoja alimwuliza, "Mumeo amekubali?" kabla hajamwuliza kama yeye mwenyewe anataka. (Shemeji, wewe peke yako hukunipigia simu. Nashukuru.)

Sasa lile ambalo sijawahi kulisema. Mwaka 2022 Dada alipata nafasi ya kwenda Bagamoyo, ADEM, kwenye mafunzo ya uongozi wa elimu. Alikuwa ameshafua nguo za safari. Wiki hiyo hiyo Mama akaanguka. Hakwenda, na hakumwambia mtu isipokuwa mimi. Nami nikanyamaza, kwa sababu ilinirahisishia. Nilituma pesa, nikalala nikijua Mama yuko kwenye mikono salama. Hapa kazini kila baada ya saa mbili namgeuza mama wa watu kitandani asitoke vidonda, na mwisho wa mwezi nalipwa. Dada anamgeuza Mama yetu alfajiri kabla ya kengele ya shule, halafu anakwenda kazini.

Baba mkubwa, shikamoo. Najua mjukuu wako anakusomea. Umesema mwanamke mwenye mgonjwa nyumbani hana haja ya cheo. Kaka alipohamishiwa Mwanza kwa cheo tulimchinjia mbuzi, na Mama alikuwa mgonjwa tayari. Sikukuuliza wakati ule, nakuuliza leo kwa heshima zote.

Ninachoomba ni hiki. Binti wa Shangazi amemaliza kozi ya uuguzi na bado hajaajiriwa. Akae na Mama pale pale Muheza, kama kazi, nitamlipa mimi kila mwezi, asifanywe msichana wa kufua na kupika. Namna ya kumgeuza na kumfanyisha mazoezi nitamwelekeza kwa simu ya video. Pedi za Mama anunue Kaka. Wikiendi barabara ikipitika Dada anashuka. Mimi nimeomba likizo Desemba nzima, nimeshakubaliwa, na safari hii sitakwenda Zanzibar.

Halafu jamani, katika simu zote tano, hakuna aliyeniambia kamwuliza Mama. Basi Jumanne nikapiga, Dada akamshikia simu. Mnajua siku hizi maneno yanamtoka kwa shida. Nikamweleza yote polepole, shule, Amani, barabara. Akakaa kimya mpaka nikadhani mtandao umekatika. Kisha akauliza: "Kuna nyumba ya mwalimu?"

Dada akamjibu ipo, ila mabati mawili yametoboka.

Kaka, mabati nanunua mimi. Fundi mtafute wewe, wiki hii, kwa sababu anatakiwa kuripoti tarehe moja.