Ua wa Kijani wa Malolo

Akina mama wenzangu, Kiswahili chetu kina neno moja kwa mambo mawili. Tunasema ua likichanua, na tunasema ua unaozunguka nyumba. Nilipofunga safari kwenda Malolo kumtazama mdogo wangu, nilitaka kumpatia vyote viwili kwa mkupuo mmoja: ua wa nyumba utakaopendeza kama ua la bustani. Niliyoyapata huko nimeona si vizuri kukaa nayo peke yangu.

Mdogo wangu ameolewa na mwalimu. Mumewe alipohamishiwa shule ya huko Ruangwa, naye alifungasha akamfuata pamoja na watoto wao watatu. Kila tulipozungumza kwa simu kilio chake kilikuwa kimoja tu, mbuzi. Akipanda mchicha, mbuzi. Akipanda matembele, mbuzi. "Dada, hata kanga niliyoanika imeliwa pindo," aliniambia siku moja. Nilicheka, halafu nikapata wazo.

Mimi naishi nyanda za juu, mahali ambapo asubuhi za Juni tunaota moto. Mbele ya nyumba yangu kuna wigo mfupi wa kichaka ambacho wataalamu hukiita Buxus, nasi nyumbani tumezoea kusema buksi. Vijiti vya kwanza nilipewa na sista mmoja kutoka bustani ya nyumba yao. Asili yake ni Ulaya ya kusini, Afrika ya Kaskazini na Asia ya magharibi. Majani yake ni madogo, magumu, yanang'aa, na hayapukutiki mwaka mzima. Matawi hubanana sana hata ukiukata kwa mkasi unanyooka kama ukuta uliopigwa lipu. Mti wake ni mzito kiasi kwamba ukiutupa majini unazama, na zamani mafundi wa Ulaya waliutumia kutengenezea rula, filimbi na vibao vya kuchongea picha za vitabu. Sista aliniambia pia kwamba Ufaransa na Poland, ambako mitende haioti, Wakristo hushika matawi ya buksi siku ya Jumapili ya Matawi. Tangu siku hiyo nimekuwa nikiutazama wigo wangu kwa jicho jingine.

Lakini sifa iliyonituma Malolo ni kwamba mbuzi haugusi. Majani yake ni machungu tena yana sumu.

Kuuotesha si kazi ngumu kwa mwenye subira. Unachagua tawi ambalo si changa sana wala halijakomaa kabisa, unakata vipande vya sentimeta 10 hadi 15, unapukusa majani ya chini, kisha unavichomeka katika mchanga uliochanganywa na mboji. Kitalu kiwe kivulini na kisikauke hata siku moja. Mizizi hutoka baada ya miezi miwili au mitatu. Ukishahamishia bustanini usitegemee makubwa, maana buksi huongezeka vidole vichache tu kwa mwaka. Wangu una miaka tisa, nao unanifika magotini.

Basi nikakata vijiti arobaini, nikavifunga kwa gunia bichi, nikaondoka. Ilikuwa Septemba. Kutoka Dar es Salaam basi linashika njia ya kusini, linavuka Rufiji kwenye daraja la Mkapa. Wenzangu wenye umri wanakumbuka kivuko cha kabla ya mwaka 2003, na siku za kulala pale mkisubiri. Tulipita Nangurukuru, tukapita Lindi, tukafika Mingoyo na kugeukia barabara ya Masasi, kisha pale Nanganga nikaiacha lami ya Masasi na kushika njia ya Ruangwa. Zamani huko kote kulikuwa Nachingwea. Ruangwa ilifanywa wilaya mwaka 1995. Njiani nililimwagia gunia langu maji ya kunywa. Abiria mwenzangu aliniuliza kama nimebeba samaki.

Malolo ya Septemba inaweza kumvunja moyo mama aliyetoka kwenye kijani. Mvua huko ni za msimu mmoja, huanza Novemba au Desemba na kuishia Aprili au Mei. Miti ya porini ilikuwa imepukutisha, nyasi zimechomwa, njia ni vumbi jekundu. Kilichobaki kijani ni mikorosho, nayo ilikuwa na maua na mabibo machanga. Kwenye nyua watu walikuwa wakipepeta mbaazi. Mdogo wangu alinipokea kwa vigelegele, lakini nilipofungua gunia alinyamaza kidogo, akauliza, "Dada, hivi vinakunywa maji mara ngapi?"

Nilimjibu kwamba kila siku, asubuhi na jioni.

Hakusema neno. Kesho yake alfajiri ndipo nilipoelewa, tulipokwenda kisimani pamoja. Tulikuta foleni ya ndoo, tukakaa hadi jua likawa kali, tukarudi na ndoo mbili za lita 20 kila mmoja kwa safari mbili. Hayo ndiyo maji ya kupika, kunywa, kuosha vyombo na kuogesha watoto watatu. Nami kila asubuhi na jioni nilikuwa nachota humo nikinyweshea vijiti vyangu arobaini chini ya kivuli cha turubai. Nilijiambia ni kwa faida yake.

Siku ya nne majani yalianza kugeuka rangi ya chai. Siku ya tano mchwa walikuwa wameingia. Shemeji, ambaye ni mtu wa utani, aliniita jioni tukiwa tumekaa nje. "Shemeji, usihuzunike, wewe si wa kwanza. Waingereza walikuja Nachingwea mwaka 1947 na Mradi wa Karanga. Walikuwa na matrekta, wakajenga na reli kutoka Mtwara. Mwaka 1951 serikali yao ikatangaza kwamba umeshindikana. Wao nao hawakuuliza udongo na mvua kabla ya kuja." Tulicheka wote, ila utani ule uliniingia.

Pengine ni aibu hiyo iliyonifanya nitafute kazi nyingine ya kuonyesha ujuzi wangu. Upande wa magharibi wa nyumba kulikuwa na wigo wa minyaa, uliopandwa na waliokaa pale kabla yao. Mnyaa mnaujua, ule mti usio na majani ya maana, vijiti vya kijani kama penseli, utomvu mweupe kama maziwa. Ulikuwa umerefuka ovyo, umelalia huku na huku. Nikachukua panga nikaanza kuunyoosha, uwe kama buksi yangu ya nyumbani.

Kitindamimba wa mdogo wangu, mtoto wa miaka minne, alikuwa nyuma yangu akiokota vipande anacheza navyo. Sikumfukuza. Nilisikia tu yowe. Alikuwa amevunja kijiti, utomvu ukamrukia, naye akausugua jichoni kwa kiganja kilichojaa utomvu uleule. "Mama mkubwa! Mama mkubwa!" Alikuwa akiniita mimi.

Nilimbeba mbio hadi kwenye ndoo. Ndoo moja ilikuwa tupu. Ya pili ilikuwa na maji chini ya nusu, maana nyingine nilikuwa nimekwisha kuyamwaga kwenye vijiti ambavyo nilijua vimekufa. Siwezi kuwaelezeni, wenzangu, nilivyojisikia nikiitazama ile ndoo.

Jirani yetu ni bibi mmoja wa Kimwera, mjane. Alikuwa ndiyo kwanza anatoka kisimani, ndoo kichwani. Hakuuliza kitu. Aliitua, akamlaza mtoto chali mapajani mwangu, akamfumbua jicho kwa vidole viwili na kuanza kumimina kwa kikombe, taratibu, kutoka upande wa pua kwenda nje, ili yasiingie jicho la pili. Mwanamke mwingine alikuja akasema tukamulie maziwa ya mama. Bibi akamjibu, "Maji tu." Alimimina mpaka ndoo ikaisha, lita 20 zote, kisha mdogo wangu akawa amefika na nyingine kutoka nyumba ya pili. Baada ya hapo tulipanda bodaboda kwenda zahanati.

Mganga alipomtazama alituambia kwamba kule kuosha kwa muda mrefu ndiko kulikomsaidia, na kwamba utomvu wa mnyaa ukiachwa bila kuoshwa na kutibiwa unaweza kuharibu kioo cha jicho na hata kupofusha. Alitukataza kutia kitu kingine chochote isipokuwa dawa aliyotupa. Jicho lilivimba likafumba. Siku mbili mtoto hakulala, nami sikulala. Mdogo wangu hakunilaumu kwa neno hata moja, na hilo lilinichoma kuliko kama angenifokea. Niliahirisha kurudi. Siku ya nane jicho lilifunguka vizuri, akaanza kuniuliza tena kuhusu peremende nilizomwahidi.

Ndipo nilipokwenda kwa bibi, nikamwamkia, nikakaa chini ya mkorosho wake kumwuliza yale niliyopaswa kuuliza siku ya kwanza. Alicheka sana kuhusu vijiti vyangu. "Mwanangu, mti wa kubembelezwa kama mwali huwezi kuuleta Septemba."

Kwanza alisema mnyaa haukatwi na watoto wakiwa karibu, wala haukatwi ukiwa umeelekea upepo. Mkataji ajifunge kitambaa usoni, na akimaliza anawe mikono kwa sabuni kabla hajagusa uso wake. Vipande vyote vifukiwe au vitupwe mbali. Anayetaka kuupanda hukata vijiti vya urefu wa mkono kutoka kiganja hadi kiwiko, anavilaza kivulini siku kadhaa hadi kidonda kikauke na kuacha kutoa maziwa, kisha anasubiri mvua. Ukipandwa hivyo, karibukaribu, hauombi tone la maji ya kisimani. Mbuzi hausogelei.

Nilimwuliza kuhusu mbono, ule wanaouita mbono kaburi, ambao nilikuwa nimeuona kwenye nyua nyingi. Nao unaota kwa kijiti tu na mbuzi hauli, alisema, lakini kiangazi unapukutisha, na mbegu zake watoto huzidhania karanga. Hilo nami nalijua: mtoto akizila hutapika na kuharisha vibaya, apelekwe hospitali mara moja. Tukiwa tumekaa pale nilihesabu: mnyaa, mbono, hata buksi yangu. Miti yote mitatu tunaisifia kwa sababu mbuzi anaikataa, na sababu ya mbuzi kuikataa ndiyo hiyohiyo ya mama kuwa macho.

Kisha akanionyesha kichaka nyuma ya jiko lake. Majani madogo, mazito, yanang'aa, ya kijani katikati ya ukame ule. Nilishtuka, maana kwa mbali ungesema ni buksi! Ulikuwa mtandamboo. Una miiba mirefu, unatoa maua meupe yanayonukia vizuri, na matunda yake yakiiva huwa meusi, matamu, watoto hula bila madhara. Unaoteshwa kwa mbegu: tunda lililoiva linakamuliwa, mbegu zinaoshwa na kuanikwa kivulini, kisha zinapandwa mapema kabla hazijazeeka. Miaka ya mwanzo hauna haraka, na ukiwa mchanga mbuzi atautafuna, kwa hiyo lazima uzungushiwe matawi ya miiba au upandwe ndani ya wigo mwingine. Ukishashika, unakatwa kama upendavyo.

Niliporudi nyumbani nilisoma kwamba hata buksi ina ndugu yake huku kwetu. Anaitwa Buxus obtusifolia, anaota mwenyewe katika misitu ya pwani ya Kenya na Tanzania. Na huko Ulaya, tangu mwaka 2007 kuna kiwavi aliyetoka Asia anayekula wigo mzima wa buksi akaacha vijiti vitupu. Kwa hiyo nao wenyewe wameanza kutafuta vichaka vingine.

Nilikwenda tena Malolo mwaka wa pili, safari hii mwezi wa Februari, mvua zikiwa zimekolea. Sikubeba gunia. Nilibeba ndoo mbili mpya zenye vifuniko, moja ya mdogo wangu, moja ya bibi. Minyaa ilikuwa imezungushwa pande zote nne, imeachwa nafasi ya mlango, na watoto wamekwisha kujua mstari wa kutoukaribia. Ndani yake, hatua mbili kutoka kwenye minyaa, kulikuwa na mistari ya mitandamboo ya urefu wa kiganja, na mchicha uliojaa katikati. Mtoto yule, sasa wa miaka mitano, alinishika mkono akanionyesha mche wake mwenyewe. Kando ya kila mstari mdogo wangu alikuwa amechomeka kijiti kikavu ili asisahau alikopanda mbegu. Niliinama nikavitazama. Vilikuwa vijiti vyangu vya buksi.