Kangaga Langu la Dirishani

Hata sisi wenye shamba la upana wa dirisha tunajua kulima. Usicheke kwanza.

Tangu nikiwa kidato cha kwanza, mimi na mama mzazi tunakaa chumba kimoja cha kupanga karibu na soko la Birongo. Mambo ya mashamba huku kwetu Kisii si mnayajua? Baba alipoaga dunia yakatufika nasi, na maji yakimwagika hayazoleki. Tulitoka na vitanda viwili, masufuria na kuku wawili. Mwenye ploti alituonya siku ile ile: hakuna kuchimba uani, hakuna kupanga mikebe ya maua mlangoni. Mama, ambaye maisha yake yote alirauka na jembe mkononi, sasa alikuwa akirauka na kuketi kitandani, ametulia tuli kama maji mtungini. Jambo hilo lilinikata maini kuliko hata njaa.

Basi mwaka huu katika bayolojia tukafika kwenye uainishaji wa mimea. Mwalimu alituonyesha mosi, ile mimea midogo laini inayofunika mawe yenye unyevu kama zulia la kijani. Mosi haina mizizi ya kweli. Ina vijinywele vya kujishikizia tu, nayo hunywa maji kwa mwili wake wote. Hapo mwalimu akataja Wajapani. Wana mmea wanaouita kokedama. Koke ni mosi, na dama ni mpira. Huufumbata mzizi wa mmea ndani ya bonge la udongo, wakalivisha bonge hilo mosi na kulizungushia uzi. Chungu hakuna. Wenzangu waliandika mambo ya mtihani. Mimi nilisikia neno moja tu: chungu hakuna! Kama hakuna mkebe, mwenye ploti atasema nini?

Jumamosi nikashika njia hadi kwa nyanya mzaa mama, upande wa Keumbu, ambako chini ya migomba kuna chemchemi. Nikang'oa kangaga changa pamoja na mizizi yake. Wajapani wana udongo wao maalumu, mmoja mweusi wa kinamasi unaonata, mwingine wa chembechembe wenye asili ya volkeno. Udongo wetu mwekundu nao asili yake ni miamba ya volkeno, lakini peke yake ulichambuka mkononi. Nilipochanganya ngumi mbili za tope jeusi la bondeni, ngumi moja ya mwekundu na samadi kuukuu kidogo, bonge likashika, kubwa kama chungwa. Kuhusu kamba, ile ya mgomba inapendeza sana machoni lakini inaoza upesi. Uzi wa katani ndio mambo yote.

Mama aliponiona naingia nalo alishika kiuno. "Baba, umeleta mavi ya ng'ombe ndani ya nyumba?"

Kulitunza si kazi ya kalenda, eti Jumatatu maji, Alhamisi maji. La hasha! Unalipima kwa mkono. Kila asubuhi naliinua. Likiwa zito naliacha. Likiwa jepesi nalitumbukiza kwenye beseni, bonge lote, nalo linatoa mapovu kama mtu anayenong'ona majini. Mapovu yakikoma, kwangu huwa kama dakika kumi, nalikamua polepole kwa viganja na kulitundika nje hadi liache kutona. Kitanda cha mama kiko chini ya dirisha, kwa hivyo hapo hakuna mzaha. Maji ya beseni hayamwagwi, yanapiga deki. Jua kali la moja kwa moja huchoma mosi ikawa ya hudhurungi, na moshi wa jiko huacha masizi kwenye majani, ambayo mimi huyapangusa kwa kitambaa chenye maji. Usijaribu na mmea wa jangwani. Kangaga linapenda kivuli na unyevu, na chumba chetu vyote viwili kinavyo, tena vya kuzidi.

Wiki ya tatu niliamka nikamkuta mama amesimama dirishani, bonge kiganjani, analipima. "Hili lina kiu," akasema. Siku nyingine akaniita nione jani jipya. Jani la kangaga huzaliwa limejikunja kama kombe la konokono, kisha hujikunjua taratibu. Alilitazama hadi chai ikapoa. Tangu hapo mimi sipimi tena, maana kila nikiamka napata ameshapima. Sasa yako matatu. La pili na la tatu si kazi ya mikono yangu.

Mwezi wa nane kodi ikapandishwa, tukahamia ploti nyingine ng'ambo ya barabara. Mama aliwakabidhi vijana vitanda na masufuria. Yale mabonge aliyabeba mwenyewe kwenye karai, kichwani, akipita katikati ya soko, na wanawake wa ndizi wakimwuliza anauza nini.

Anayetaka kujifunza anione Ijumaa baada ya kikao cha chama. Uje na uzi wako. Mosi nayo usiibandue jiwe zima. Kiganja kimoja kinatosha, maana inarudi polepole mno.