Hajaandika na Hakuandika

Wenzangu wa darasa la Kiswahili hushangaa ninapowaambia kwamba mada ya sarufi iliyonisaidia kuielewa kompyuta ni ukanushi. Mimi ni mzaliwa wa Kamembe, wilayani Rusizi, ambako Kiswahili ni lugha ya soko na ya mpaka. Ukivuka daraja la Mto Rusizi uko Bukavu. Tangu mwaka 2017 Kiswahili ni lugha rasmi nchini Rwanda, lakini somo la mifumo endeshi bado nalisoma kwa Kiingereza. Katika insha hii nataka kueleza jambo moja la somo hilo kwa lugha yetu: kompyuta inajuaje kwamba maandishi yamefika mwisho?

Wengi hudhani kwamba mwishoni mwa kila faili kuna alama iliyofichwa. Zamani baadhi ya mifumo ilikuwa hivyo. Mfumo wa CP/M ulihesabu ukubwa wa faili kwa mafungu ya baiti 128. Barua isiyojaza fungu la mwisho ilihitaji alama ya kuonyesha maneno yameishia wapi, na alama hiyo ilikuwa namba 26. MS-DOS iliirithi. Mama yangu, anayeuza sambaza, hufanya vivyo hivyo: akimaliza hesabu ya siku hupiga mstari chini yake.

Unix na Linux hazipigi mstari. Mfumo unajua faili ina baiti ngapi. Programu ikiomba kusoma, hupewa zilizopo pamoja na idadi yake. Zikiisha, hujibiwa sifuri. Sifuri hiyo ndiyo mwisho wa faili. Haimo ndani ya faili. Ni jibu tu.

Hata vitufe vya Ctrl na D havitumi alama ya mwisho. Vinauambia mfumo upeleke yaliyoandikwa bila kungoja Enter. Kama kuna maneno, yanapelekwa. Kama hakuna, programu husoma sifuri na kuona mwisho umefika, ingawa mtu bado ameketi mbele ya kibodi.

Basi, ikiwa kusoma sifuri ni mwisho, je, kuandika sifuri huleta mwisho? Programu inaweza kabisa kuomba kuandika baiti sifuri. Kwa faili ya kawaida, mfumo unaweza kukagua kama kuna hitilafu. Isipokuwapo, hujibu sifuri na faili hubaki ilivyokuwa. Kwenye bomba, yaani njia inayopitisha maandishi kutoka programu moja hadi nyingine, Linux haipitishi kitu. Msomaji wa upande wa pili hata haamshwi. Anaendelea kungoja.

Atangoja hadi lini? Hadi kitu kije, au hadi kila aliyeshika ncha ya kuandikia aifunge. Akibaki mmoja tu, hata kama hana la kuandika, msomaji hapewi ile sifuri. Hapa ndipo sarufi inapoingia. Ncha ikiwa wazi na bomba likiwa tupu, mwandishi hajaandika. Ncha zote zikifungwa, hakuandika, wala hataandika tena. Kinyarwanda nacho hutenganisha hivyo: "ntaraza" si sawa na "ntiyaje".

Tofauti hii si ya darasani tu. Februari 2025, vita vilipofika Bukavu, shangazi yangu alikuwa huko. Kwa siku tatu simu yake haikupatikana. Jirani mmoja alipouliza, "Kwa hiyo hakupiga?" bibi alimkatiza: "Hajapiga." Siku ya nne simu ya mama iliita mara moja ikakatika. Ilikuwa bipu, namba ya shangazi. Haikuwa na neno hata moja, lakini mama alikaa chini akalia, na jioni hiyo tulikula.

Bipu ni utupu uliofika. Mitandao inao utupu wa namna hiyo: itifaki ya UDP huruhusu kutuma kifurushi kisicho na baiti hata moja ya ujumbe, nacho hufika kikiwa na anwani ya mtumaji. Mpokeaji hupewa sifuri, lakini sifuri hii si mwisho. Katika TCP, kutuma baiti sifuri hakupeleki chochote, na anayeomba data akajibiwa sifuri hujua kwamba upande wa pili umefunga.

Kwa hiyo sifuri peke yake haitoshi. Lazima tujue imetoka wapi. Ndiyo maana napendekeza kwamba tunapounda istilahi tusiseme "alama ya mwisho wa faili" tunapozungumzia Unix, kwa kuwa alama hiyo haipo. Tuseme "jibu la mwisho". Na yule anayesubiri kwenye bomba tumweleze kwa -ja-, kiambishi ambacho mwanafunzi yeyote wa Rusizi amekijua tangu utotoni.