Batiki za Baridi ya Songea

Juni na Julai baridi ya Songea inashuka kutoka milima ya Matogoro, na watu wanabaki na masweta mpaka jua limepanda. Mama mdogo alikuwa akiisubiri. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 alitengeneza batiki uani kwake Lizaboni, na kazi zake nzuri kuliko zote zilitoka miezi hiyo.

Siri ilikuwa kwenye nta. Aliyeyusha nta ya nyuki, iliyoletwa na warina asali wa misitu ya miombo, akachanganya na mishumaa ya dukani. Nta ya nyuki ni laini, inashika kitambaa na kuzuia rangi isipenye. Ya mishumaa inakakamaa na kupasuka. Akitaka nyufa, aliongeza mishumaa, akaacha kitambaa nje usiku kucha, na alfajiri akakikunjakunja taratibu kwa viganja. Kilipotumbukizwa kwenye rangi ya mwisho, nyeusi au bluu nzito, rangi ilipenya kwenye nyufa na kuacha mishipa myembamba kama ya jani. Siku hizi viwanda vinachapa vitenge vyenye mishipa ya namna hiyo, lakini ufa unajirudia palepale kila baada ya hatua. Wa mama mdogo haukujirudia kamwe.

Alichora kwa brashi ya kupaka milango rangi, ameipunguza kwa wembe mpaka ncha ikawa nyembamba. Wateja wengi walitaka wanyama kama wa Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru hukuhuku Ruvuma, aliyeanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 kwa rangi za baiskeli juu ya vipande vya hadibodi. Mama mdogo alimheshimu sana. Vidoadoa vya chui alividondosha kimoja kimoja kwa ncha ya kijiti kilichochovywa kwenye nta ya moto, na hapo hakuna kufuta. Kwenye pipa la rangi, lenye kostiki soda na haidrosalfaiti, sisi watoto tuliamriwa kukaa upande unakotoka upepo.

Shida ilikuwa kwenye kushona. Kitenge kina maua yanayojirudia, unaweza kukata popote. Batiki ya mkono ni mchoro mmoja. Mkasi ukipita vibaya, twiga anabaki na shingo kifuani na miguu kwenye mabaki. Fundi wetu, aliyekuwa na cherehani barazani karibu na Soko Kuu, alikitandaza kitambaa mezani na kukizunguka bila kushika mkasi.

“Mama, huyu kichwa chake kikae wapi?”

“Begani, fundi. Na mkia usiuingize kwenye mshono.”

“Basi ungeniita kabla hujachora.”

Akaitwa. Kuanzia hapo mteja alipimwa kwanza. Mama mdogo alichemsha pamba nyeupe kutoa wanga wa kiwandani na kuifanya isinyae kabisa, maana kuitoa nta baadaye ni kwa maji ya moto, na gauni lingebana. Kisha fundi alichora kwa penseli mgongo, kifua na mikono, naye akachora ndani ya mistari hiyo. Naamini akili hiyo waliipata kwenye kanga: kila mwanamke anajua pindo likae wapi na jina lisomeke wapi mwilini. Mpaka leo nikiona kitambaa kizuri cha kuchorwa kimekatwa ovyo, naumia.

Gauni la kwanza la namna hiyo lilikuwa la mwalimu mmoja wa Mfaranyaki. Korongo alisimama ubavuni, bawa moja likapita mbele na jingine likajikunja mgongoni, mshono ukipita katikati bila kumkata. Fundi alidai nyongeza juu ya bei ya kawaida. Mama mdogo, ambaye sokoni alibishania hata shilingi ya nyanya, alifungua pindo la kanga akamlipa palepale, akamuuliza wiki ijayo ana nafasi ya magauni mangapi.